Winga Mfungaji wa NHL Ana Thamani Gani Sokoni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Februari, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji inapokaribia, maswali ni yaleyale: "Huyu winga wa magoli 40 tutampata kwa nini?" Majibu mengi yanaanza na kuishia kwenye magoli. Ukurasa huu unaanzia hapo lakini hauishii hapo, kwa sababu bei ya winga kwenye hoki ya barafu hupangwa zaidi na mkataba wake, na anayeshikilia mpini kati ya muuzaji, mnunuzi na mchezaji mwenyewe. Mifano yote ni ya biashara zilizofanyika kweli kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada.

## Mambo ya msingi

Kwani timu za NHL haziuziani wachezaji kwa pesa kama kwenye soka?

Haziuziani. Hakuna ada ya uhamisho. Ukizoea usajili wa Simba na Yanga au wa Ligi Kuu ya Uingereza, hili ndilo la kwanza la kuzoea upya. Timu inatoa mchezaji, chipukizi au haki ya kuchagua kijana kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi), nayo inapokea vitu vya aina hiyohiyo. Mchezaji anahama na mkataba wake kama ulivyo: mshahara, miaka iliyobaki na vipengele vyote.

Kwa hiyo "thamani" haitajwi kwa dola. Inatajwa kwa mfano: beki kijana, chipukizi mmoja na chaguo la raundi ya kwanza. Ukisikia mtu anasema winga fulani ana thamani ya milioni tisa, anazungumzia mshahara, na hilo ni suala jingine kabisa.

Mfungaji mkubwa ni wa magoli mangapi?

Msimu wa kawaida una mechi 82. Magoli 30 ni winga mzuri sana, 40 ni wa daraja la juu, 50 ni nadra. Pointi ni jumla ya magoli na asisti, na winga wa pointi 100 ni mtu ambaye timu nyingi hazijawahi kuwa naye kwa miaka.

Mbona winga anauzwa chini ya senta (fowadi wa katikati) au beki mwenye kiwango kilekile?

Kwa sababu kazi ya senta ni pana zaidi. Anacheza duru za kuanzisha mchezo, anarudi chini kabisa kusaidia ulinzi, anasukuma mchezo katikati. Beki bora naye hukaa kwenye barafu muda mrefu kuliko winga yeyote. Wote wawili ni adimu, na mameneja wakuu wanajua kwamba winga mzuri hupatikana kwa urahisi kidogo.

Mfano unaouma hadi leo kwa mashabiki wa Edmonton ni wa 29 Juni 2016: Taylor Hall, winga aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2010, alipelekwa New Jersey kwa beki mmoja tu, Adam Larsson. Msimu wa 2017-18 Hall alifikisha pointi 93 na kutwaa tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote kwenye ligi. Edmonton walihitaji beki wa kulia, na soko la mabeki wa kulia lilikuwa kavu. Naona walilipa kupita kiasi. Lakini bei ile ilitoka kwenye uhitaji wao, haikutoka kwenye magoli ya Hall.

## Kusoma namba

Msimu mmoja wa magoli mengi unatosha kupandisha bei?

Hautoshi, na anayelipa kwa msimu mmoja kwa kawaida hujuta. Angalia kwanza asilimia ya mashuti yanayoingia. Wastani wa ligi huzunguka asilimia 10. Wafungaji wa kweli hukaa juu ya hapo kila mwaka, wengine hadi 15 au zaidi. Ila mtu aliyekuwa na 11 kwa misimu minne halafu akapiga 20 mwaka mmoja, huyo ana bahati iliyochanganyika na kipaji, na bahati hairudi kwa kuitwa.

Jonathan Cheechoo wa San Jose alifunga magoli 56 msimu wa 2005-06 na kuongoza ligi nzima. Uliofuata alifunga 37, kisha 23, kisha 12. Mwaka 2009 alikuwa sehemu ya malipo kwenye biashara ya mtu mwingine.

Chukua misimu mitatu, uupe wa karibuni uzito mkubwa zaidi. Halafu gawa magoli kwa muda aliocheza, yaani magoli kwa kila dakika 60 za barafuni. Winga anayecheza dakika 14 kwa mechi na kufunga 25 anaweza kuwa mfungaji bora kuliko wa dakika 20 mwenye magoli 30.

Nitajuaje kama magoli ni yake au ya senta wake?

Cheechoo anatufaa tena. Joe Thornton alifika San Jose kutoka Boston mwishoni mwa Novemba 2005, na ndipo Cheechoo akaanza kufunga kama mvua. Thornton alimaliza msimu ule akiwa kinara wa pointi na mshindi wa Hart. Kazi ya winga ilikuwa kufika mahali sahihi na kumalizia. Hiyo ni kazi halisi, tena ngumu, ila haihami na mkoba wake kwenda timu nyingine.

Njia rahisi ya kupima: tafuta dakika alizocheza bila mwenzake maarufu. Akiwa majeruhi yule mwenzake, huyu alifanya nini? Asisti nazo zitenganishe. Asisti ya kwanza, pasi iliyotangulia goli moja kwa moja, inasema mengi kuliko ya pili.

Magoli ya pawaplei yahesabiwe sawa na mengine?

Hapana, lakini yasidharauliwe. Pawaplei ni ule muda mpinzani ana mtu aliyetolewa nje kwa adhabu, na ninyi mko wengi. Chris Kreider wa New York Rangers alifunga 52 msimu wa 2021-22, na nusu yake kamili, 26, yalikuwa ya pawaplei. Alikuwa akisimama mbele ya kipa, anamziba macho, anaugusa mpira ule bapa wa hoki ukiwa hewani na kuubadilishia njia. Ustadi mkubwa sana. Lakini timu inayomnunua lazima iwe na nafasi ile wazi kwenye kundi lake la kwanza la pawaplei, pamoja na watu wa kumpigia mashuti kutoka nyuma. Bila hayo inanunua nusu ya magoli.

Umri unashusha bei kwa kasi gani?

Kwa kasi kuliko mashabiki wanavyopenda kukubali. Winga wengi hufunga zaidi kati ya miaka 22 na 28. Baada ya 30 mteremko unaanza. Huyo huyo Kreider, akiwa na umri wa miaka 34, alipelekwa Anaheim Juni 2025. Rangers walipata chipukizi mmoja na chaguo la raundi ya tatu, na bado waliongeza chaguo la raundi ya nne upande wao. Alikuwa amefunga 22 msimu huo, na mkataba wake wa milioni 6.5 kwa mwaka ulikuwa na miaka miwili mbele.

Alex Ovechkin alivunja rekodi ya magoli ya Wayne Gretzky tarehe 6 Aprili 2025 kwa goli la 895, akiwa na miaka 39. Usimtumie kama kipimo cha mtu yeyote mwingine.

## Mkataba na kikomo cha mishahara

Kikomo cha mishahara kinaingiaje kwenye bei?

Tangu 2005 kila timu ina jumla ya mishahara isiyoruhusiwa kuizidi. Msimu wa 2024-25 ilikuwa dola milioni 88, na 2025-26 milioni 95.5. Winga wa milioni 10 anakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nafasi yote, na wachezaji wengine ishirini na kitu wanagawana kilichobaki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, anafanya kazi ya pesa nyingi kuliko anayolipwa? Winga wa magoli 35 anayelipwa milioni tano kwa miaka mitatu ijayo ni dhahabu. Huyo huyo akiwa na milioni tisa na nusu kwa miaka sita, timu inaweza kulazimika kuongeza kitu ili achukuliwe.

"Kubakiza mshahara" ni nini, na kunapandisha bei kiasi gani?

Timu inayomtoa mchezaji inaweza kukubali kuendelea kubeba hadi nusu ya mshahara wake. Mnunuzi anapata winga yuleyule kwa nafasi ndogo kwenye kikomo, na kwa hilo analipa zaidi. Kila timu inaruhusiwa kuwa na mikataba mitatu tu ya aina hiyo kwa wakati mmoja, kwa hiyo nafasi hizo nazo ni bidhaa. Ndiyo maana hadi msimu wa 2024-25 ulikuwa unaona timu ya tatu ikijitokeza kwenye biashara isiyoihusu: ilikodisha nafasi yake na kuondoka na chaguo la drafti.

Mkataba unaisha majira haya ya joto. Thamani inakuwaje?

Kama mnunuzi ana uhakika wa miezi mitatu tu, analipa kwa miezi mitatu. Machi 2024 Carolina walimchukua Jake Guentzel kutoka Pittsburgh wakitoa winga mmoja, chipukizi watatu na machaguo mawili. Walitolewa raundi ya pili ya mtoano. Guentzel hakusaini, na mwisho wa Juni haki za kuzungumza naye zikaenda Tampa Bay kwa chaguo moja la raundi ya tatu.

Mambo hubadilika kabisa mchezaji akikubali kusaini papo hapo na mnunuzi. Hilo tunaliona kwa ukaribu kwenye mfano wa Rantanen hapa chini.

Na kama ni kijana ambaye bado yuko chini ya haki za timu?

Kabla ya kuwa huru kabisa (kwa kawaida akifikisha miaka 27, au misimu saba kwenye ligi), mchezaji ambaye mkataba umeisha bado ni wa timu yake, mradi imempa ofa ya kumbakiza. Hapo mnunuzi ananunua miaka, na bei hupanda.

Ila ofa hiyo yenyewe inaweza kuwa mzigo. Alex DeBrincat, mfungaji wa magoli 41 msimu wa 2021-22, alihama Chicago kwenda Ottawa Julai 2022 kwa chaguo la 7 na la 39 mwaka huo, pamoja na la raundi ya tatu la 2024. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na magoli 27 na ofa ya lazima ya milioni tisa juu ya kichwa, Ottawa walimpeleka Detroit kwa chaguo la raundi ya kwanza lenye masharti, la raundi ya nne, winga wa kawaida na beki chipukizi. Kila mtu alijua kuwa hataki kusaini muda mrefu Ottawa. Muuzaji akijulikana kuwa hana njia nyingine, bei inashuka.

Kipengele cha kutohamishwa kinaharibu bei kweli?

Kwa winga nyota, hiki ndicho kitu kinachoharibu bei kuliko vyote. Mchezaji mwenye kipengele hicho anachagua aende wapi, na timu moja ikibaki sokoni hakuna mnada.

Patrick Kane ana makombe matatu ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na tuzo ya Hart ya 2016. Msimu wa 2021-22 alikuwa na pointi 92. Februari 2023 alitaka New York Rangers peke yao. Chicago walibeba nusu ya mshahara wake wa milioni 10.5, Arizona wakabeba robo, na Chicago wakaambulia chaguo la raundi ya pili lenye masharti, la raundi ya nne na wachezaji wawili wasio na jina kubwa. Lile la raundi ya pili lingegeuka la raundi ya kwanza kama Rangers wangefika fainali ya kanda. Walitoka raundi ya kwanza.

## Kukadiria kwa vitendo

Nioneshe hatua kwa hatua kwa mchezaji halisi.

Hakuna mfano bora kuliko Mikko Rantanen, kwa sababu alipangiwa bei mara mbili ndani ya wiki sita, akiwa mtu yuleyule mwenye mkataba uleule.

Januari 2025 alikuwa na pointi 64 katika mechi 49 kwa Colorado. Misimu miwili iliyotangulia alikuwa na 105 na 104. Miaka 28, mwili mkubwa, hatari kwenye pawaplei na nje yake. Kwa namba tu, ni daraja la juu kabisa. Doa moja lililojadiliwa: alicheza sana na Nathan MacKinnon, mmoja wa masenta bora duniani (rudi kwenye swali la senta). Mkataba wake wa milioni 9.25 ulikuwa unaisha Julai, na yeye na Colorado hawakuafikiana mpya.

Tarehe 24 Januari Colorado walimpeleka Carolina. Walipata Martin Nečas, winga wa miaka 26 aliyekuwa na mwaka mwingine kwenye mkataba na akicheza msimu wake bora. Pia Jack Drury, chaguo la raundi ya pili na la raundi ya nne. Chicago walibeba nusu ya mshahara wa Rantanen, na Taylor Hall akaenda Carolina kwenye biashara hiyohiyo. Tazama muundo wa bei: mchezaji mzuri wa sasa, si rundo la machaguo. Colorado walitaka kombe mwaka uleule.

Carolina wakajaribu kumsainisha. Haikuwezekana. Kwenye mechi 13 alifunga magoli mawili tu. Kumbukumbu ya Guentzel ilikuwa mbichi, miezi minane tu. Tarehe 7 Machi wakampeleka Dallas kwa Logan Stankoven, fowadi wa miaka 22, machaguo mawili ya raundi ya kwanza yenye masharti (2026 na 2028) na mawili ya raundi ya tatu. Ukiangalia juu juu, ametoka kwenye wiki mbaya na bei imepanda.

Kilichobadilika ni hiki: Rantanen alikubali kusaini Dallas miaka minane kwa milioni 12 kila mwaka. Januari Carolina walinunua miezi na matumaini. Machi Dallas walinunua miaka minane. Tena alifika bado na ile nusu ya mshahara iliyobebwa na Chicago, kwa hiyo alikaa kwenye kikomo chao cha msimu ule kwa milioni 4.625.

Raundi ya kwanza ya mtoano ikawakutanisha Dallas na Colorado. Mechi ya saba, Dallas wako nyuma 2-0 mwanzoni mwa kipindi cha tatu. Rantanen akafunga matatu kwenye kipindi hicho kimoja, moja akizunguka nyuma ya goli la timu yake ya zamani, na Dallas wakashinda 4-2. Colorado walifanya hesabu inayoeleweka na bado ikawachoma.

Chaguo la raundi ya kwanza lina uzito gani hasa?

Inategemea litaangukia wapi. Raundi ina machaguo 32, na tofauti kati ya la 3 na la 30 ni kubwa kuliko kati ya la 30 na la 60. Timu inayonunua winga nyota hujiamini kuwa itamaliza juu, hivyo hujiona inatoa la 28. Wakati mwingine hujidanganya.

Septemba 2009 Toronto walimpata Phil Kessel, aliyetoka kufunga 36 kwa Boston, kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja la pili. Toronto wakamaliza karibu na mkia, na chaguo la kwanza likawa la 2 kwa ujumla: Tyler Seguin. Lililofuata likawa la 9: Dougie Hamilton. Kessel aliwafungia Toronto magoli mengi kwa miaka sita, hilo asinyimwe. Tangu hapo wauzaji wanaomba chaguo la timu dhaifu kwa hamu, na wanunuzi wanaweka kinga, kwa mfano kwamba likiangukia kwenye kumi ya kwanza linahamia mwaka unaofuata.

Ni bora kuuza kiangazi au karibu na siku ya mwisho ya biashara?

Mwenye mkataba unaoisha auzwe kabla ya siku ya mwisho, mwanzoni mwa Machi. Mwenye miaka mingi mbele auzwe Juni, wakati wa drafti, ambapo timu nyingi zina nafasi kwenye kikomo na machaguo ya mwaka huo bado yako mezani.

## Kesi ngumu

Winga wa pointi 102 aliwezaje kubadilishwa kwa mchezaji mmoja wa kawaida?

Ni Mitch Marner, alipotoka Toronto kwenda Vegas kiangazi cha 2025, naye Nicolas Roy akaenda upande wa pili. Marner angekuwa huru saa chache baadaye. Vegas hawakuwa wanamnunua yeye, maana angeweza kwenda mwenyewe. Walinunua mwaka wa nane. Timu iliyonaye mchezaji ndiyo pekee iliyoruhusiwa kumpa miaka minane, nyingine zote saba. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unaoanza Septemba 2026 unashusha viwango hivyo hadi saba na sita, lakini tofauti ya mwaka mmoja inabaki ileile. Usiiweke biashara hii kwenye orodha yako ya kulinganisha bei, itakupotosha.

Winga kwa winga: nani alishinda kati ya Florida na Calgary?

Julai 2022 Matthew Tkachuk, miaka 24 na pointi 104, alikwenda Florida. Calgary wakapata Jonathan Huberdeau, pointi 115, beki MacKenzie Weegar, chipukizi na chaguo la raundi ya kwanza. Siku ile wengi walisema Calgary wameokoa hali mbaya, kwa sababu Tkachuk alishawaambia hatasaini muda mrefu. Nami naona kwa taarifa za siku ile walipata bei nzuri.

Kosa lilikuja baadaye kidogo. Huberdeau alikuwa na miaka 29 na mwaka mmoja kwenye mkataba; Calgary wakampa minane kwa milioni 10.5. Msimu wake wa kwanza kule akapata pointi 55. Tkachuk akasaini Florida kwa milioni 9.5, na wakabeba Kombe la Stanley 2024 na 2025. Unapotathmini biashara, tenganisha kilichobadilishwa siku ile na mkataba uliosainiwa baadaye.

Kikomo kinapanda haraka. Bei za zamani bado zinafaa kulinganishia?

Zinafaa ukigeuza mshahara kuwa asilimia ya kikomo. Artemi Panarin alisaini Rangers 2019 kwa zaidi kidogo ya milioni 11.6 kikomo kikiwa 81.5, yaani asilimia 14 na ushei. Milioni 12 za Rantanen kwenye kikomo cha 95.5 ni chini ya 13. Kwa hiyo Rantanen ni nafuu kuliko Panarin alivyokuwa, ingawa namba yake ni kubwa.

Kirill Kaprizov alisaini Minnesota Septemba 2025 miaka minane kwa milioni 17 kila mwaka, kuanzia 2026-27. Kikomo kilichotangazwa kwa msimu huo ni milioni 104, kwa hiyo yeye ni zaidi ya asilimia 16. Huo ni mkataba mkubwa kweli, kwa kipimo chochote. Na una athari kwa kila winga aliyesaini kabla yake kwa milioni nane au tisa kwa miaka mingi: bila kuongeza goli hata moja, thamani yake ya kubadilishwa imepanda.